Asubuhi Mdogo Wangu Alipocheka Kisiwani

Mume wangu ndiye aliyetaka twende Rubondo. Ana duka la spea hapa Shinyanga mjini, spea za pikipiki na za mashine za kusagia mawe ya dhahabu, na tangu tuoane duka hilo lilikuwa halijawahi kufungwa isipokuwa kwa msiba. Safari zetu zote za familia zilikuwa za kwenda kuzika. Likizo ya Juni ilipokaribia aliingia jikoni nikiwa nachambua mchicha, akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kukopa.

"Watoto wanakua hawajaona kitu," alisema. "Kuna kisiwa hapo Chato, wazungu wanapanda ndege kuja kukiona. Sisi tuko jirani, tunauza boliti."

Sikubisha. Mimi ni mwalimu wa jiografia. Volkano nimeichora ubaoni hadi naweza kuichora nimefumba macho, tundu katikati, tabaka za majivu pembeni, mishale ya kuonyesha moto unapopanda. Lakini sikuwa nimewahi kukanyaga hata moja. Vilima vya Rubondo ni volkano za kale zilizozimika, nusu yake imezama ziwani, na nilikuwa nimewaambia hivyo wanafunzi wa miaka mingi kwa sauti ya mtu aliyefika.

Tukakubaliana. Halafu usiku huohuo nikamkumbuka mdogo wangu, na furaha yote ikanitoka.

Mdogo wangu anaishi Geita. Mume wake alikuwa mchimbaji, kijana wa Ushirombo, mpole, anayependa kucheka na watoto wa watu. Mwanzoni mwa mwaka ule duara walilokuwa wanachimba lilititia. Duara ndiyo lile shimo refu la kushukia kwenye mwamba. Wenzake walichimbua kifusi kwa mikono na majembe, wakamtoa kesho yake, naye hakuwa hai tena. Tulimzika kwao Ushirombo, kwenye shamba la wazazi wake. Ni familia ya wakulima, Wakatoliki wa siku nyingi, na wana taratibu zao. Mjane hufunga kitambaa cheusi kichwani mpaka misa ya mwaka. Haendi harusini, haendi kwenye ngoma wala sherehe. Mdogo wangu aliyapokea hayo yote bila neno. Alirudi Geita na binti yake, akaendelea kuuza chai na maandazi karibu na stendi, akakonda.

Nilimpigia simu.

"Dada, mimi nije kutalii?" aliniuliza, kana kwamba nimemtukana.

"Si kutalii. Ni kupumzika. Mtoto naye apumzike."

"Wakwe zangu watasemaje?"

"Watajulia wapi? Kisiwani hakuna mtu."

Nilisema hivyo. Hakunilazimisha mtu. Nikasikia pikipiki zikipita upande wake, kisha akasema, "Haya. Kwa ajili ya mtoto."

Tulimchukua Geita tukipitia Kahama, tukitoka nyumbani alfajiri. Alikuwa amesimama nje ya chumba chake amejifunga kitambaa chake cheusi, ameshika begi moja dogo, na binti yake amevaa gauni la kanisani. "Shikamoo baba mkubwa," binti alimwambia mume wangu, na mume wangu akamnyanyua juu kama alivyozoea kuwanyanyua wetu walipokuwa wadogo. Nilimwona mdogo wangu akiangalia pembeni.

Humo ndani ya gari ndimo nilimoanza kupata taabu. Mume wangu ana tabia ya kuniwekea mkono kiganjani akiendesha mahali barabara ikiwa nzuri. Hata hajui kwamba anafanya. Baada ya Katoro lami ilinyooka, mkono wake ukaja, nami nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Ukaja tena tulipokuwa tunapita Buseresere, magunia ya mchele yakiwa yamepangwa kando ya barabara, nikajifanya namnyooshea mtoto chupa ya maji. Alinitazama. Sikuweza kumweleza kwamba nilikuwa naona haya kuwa na mume. Nyuma yangu, mdogo wangu alikuwa anawahesabia watoto ng'ombe wa dirishani kwa Kisukuma, kama mama yetu alivyokuwa akituhesabia.

Kule Kasenda, mwaloni zinakotia nanga boti, tulipanda boti ya hifadhi. Mume wangu alinishika mkono nikashuka ndani, kisha akageuka kumpa mkono na yeye. "Karibu shemeji." Mdogo wangu aliuangalia ule mkono, akakusanya kanga yake, akaruka mwenyewe. Boti ikayumba. Watoto wakapiga kelele za furaha. Safari nzima ya majini mimi niliwaza kwamba nimemleta huku ili akae siku kadhaa akiangalia ndoa ya mwenzie.

Lakini kisiwa ni kizuri, lazima niseme. Msitu unashuka mpaka majini. Furukombe walikuwa wanalia juu ya miti mikavu, mamba amejilaza kwenye mwamba kama gogo lililosahauliwa. Mwanangu wa kiume, ambaye nyumbani haachi simu, alisahau kwamba simu ipo. Tulipewa vibanda viwili karibu na ufukwe, sisi na mtoto wa kiume kimoja, mdogo wangu, binti yake na binti yangu kingine, na bafu na choo vilikuwa mbali kidogo, upande wa nyasi.

Siku iliyofuata tulipanda kilima. Mwongozaji alikuwa mtu mzima wa kule Chato, mwenye bunduki begani na maneno machache. Tulimwona twiga, tukaona mavi ya tembo yakiwa bado yanafuka, sokwe tuliwasikia tu. Tulipofika juu watoto wakakaa kwenye mawe, mimi nikashindwa kujizuia, nikaanza kufundisha. Niliwaambia kwamba pale tulipokaa moto ulitoka chini ya ardhi, zamani, kabla ya watu, ukasukuma mawe yaliyoyeyuka mpaka yakatoka nje na kupoa.

Mdogo wangu alikuwa ameokota kijiwe cheusi. Alikigeuza juani, akakilamba, akakigeuza tena. Nilijua anafanya nini. Wachimbaji hulamba jiwe ili kama kuna kitu kionekane. Mume wake ndiye aliyemfundisha.

"Kina kitu?" mume wangu alimuuliza kwa utani, kisha nikaona anatamani kulirudisha neno lake.

"Hamna kitu," alisema mdogo wangu, akakirudisha mahali pake taratibu.

Ndipo binti yake aliponiuliza, "Mama mkubwa, moto ukitoka chini unatoka na watu?"

"Watu gani?"

"Waliofunikwa."

Nilimtazama mdogo wangu, naye alikuwa anaangalia ziwa. Mwongozaji ndiye aliyejibu, kwa upole, akichuchumaa ili awe sawa na mtoto. "Hapana, mama. Mawe tu."

"Baba walimtoa," mtoto akamweleza. "Lakini wakamrudisha tena."

Tuliteremka. Nilijilaumu kwa somo langu, nikajilaumu kwa safari, na jioni ile nilimwambia mume wangu kwamba tumefanya kosa kumleta. Yeye alisema tusubiri. "Mtu hapumziki siku ya kwanza," alisema. "Hata mashine ukizima inaendelea kuzunguka kidogo."

Asubuhi iliyofuata, kukiwa ndiyo kwanza kunapambazuka, mume wangu alikwenda kuoga. Sisi wanawake tulikuwa nje ya kibanda tunakoroga uji. Kumbe usiku kiboko alikuwa ametoka majini kuja kula nyasi, na alikuwa hajarudi. Tulimwona ghafla, mkubwa kama tenki la maji, amesimama kati ya bafu na sisi, anatafuna bila haraka. Mlango wa bafu ukafunguka. Mume wangu akatoka na taulo kiunoni, sabuni mkononi, povu sikioni. Alipomwona alirudi ndani, akafunga mlango. Kisha mlango ukafunguka kidogo tena, kikatokea kichwa, na mume wangu, mtu mzima mwenye duka, akasema kwa sauti ya heshima kabisa:

"Shikamoo, mzee. Naomba kupita."

Kiboko aliendelea kutafuna.

Sijui nani alianza. Nadhani mtoto. Lakini sauti iliyonishtua ilikuwa ya mdogo wangu. Alicheka. Alicheka kile kicheko chake cha utotoni, cha kukatika pumzi, akakaa chini, akashika tumbo, kitambaa kikamtoka kichwani kikaanguka mavumbini na hakukiona. "Amemwamkia!" alikuwa anasema. "Dada, amemwamkia kiboko!" Mume wangu naye, akisikia anachekwa, akazidisha. "Mzee, nina watoto. Mzee, nina duka." Mpaka mwongozaji alipokuja na mwenzake wakapiga mabati, kiboko akageuka kwa dharau na kuteremka ziwani.

Mume wangu alitoka mbio, akavaa, akachukua simu akampiga picha mdogo wangu. Nimeiona mara nyingi picha hiyo. Yuko chini, nywele wazi, amemkumbatia binti yake, mdomo wote uko wazi, na nyuma yao ziwa linaanza kupata rangi. Nilikuwa na furaha asubuhi ile ambayo sijaipata tangu hapo. Nilimshika mume wangu mkono mbele ya watu wote, na mdogo wangu akatuona, akatabasamu tu.

Mchana tulikwenda kwa boti upande mwingine wa kisiwa, na huko kwenye kilima kimoja mtandao ukashika. Mume wangu aliiweka ile picha kwenye status yake. Chini aliandika neno moja, "Hatimaye." Hakuniuliza, na hata angeniuliza ningemwambia weka. Kwake ilikuwa kama kutangaza kwamba mgonjwa ameamka. Alisahau kwamba wakati wa msiba yeye ndiye aliyekuwa akiwasiliana na kaka wa marehemu kuhusu magari na jeneza, na kwamba namba zao zilibaki kwenye simu za kila mmoja.

Simu ililia jioni, tukiwa tunarudi kwa boti chini ya kilima kile chenye mtandao. Ilikuwa ya mdogo wangu. Aliangalia jina, lilikuwa la kaka wa marehemu, akasimama wima ndani ya boti kabla ya kupokea.

"Shikamoo shemeji."

Hatukusikia upande wa pili. Tulimsikia yeye tu. "Ndiyo." "Ndiyo, ni mimi." "Hapana, si sherehe." "Nimesikia." Alipokata simu alifungua begi, akatoa kitambaa, akajifunga, akakaza fundo kwa meno.

"Wamesema nini?" nilimuuliza.

"Baba mkwe ameonyeshwa picha. Ameuliza kama huyu ndiye mke wa mwanaye, au ni mwingine." Alimgeukia mume wangu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza mume wangu zaidi. "Shemeji, nirudisheni."

Mume wangu aliifuta picha kwenye status palepale, huku anasema, "Sikufikiria, shemeji. Wallahi sikufikiria," yeye Msabato ambaye huwa haapi. Mwanangu alilalamika kwamba sokwe hatujawaona. Nilimkemea kwa maneno ambayo hakustahili.

Kesho yake tukaondoka kisiwani kabla ya siku zetu kwisha. Tulipofika Katoro mume wangu alipunguza mwendo akauliza, "Geita?" Mdogo wangu akasema, "Ushirombo." Tukaacha lami tukashika barabara ya vumbi.

Baba mkwe wake tulimkuta uani anatengeneza mpini wa jembe. Tulimwamkia wote, akaitikia "marahaba" moja kwa ajili yetu sote, akaendelea na kazi. Kiti hatukupewa. Mdogo wangu alipiga magoti. Mimi pia nikapiga, kwa mara ya kwanza tangu nilipoolewa.

"Baba," nilisema, "mimi ndiye niliyemchukua. Yeye hakutaka. Nilimwambia ninyi hamtajua."

Aliacha mpini. "Ulimwambia hatutajua?"

"Ndiyo, baba."

"Basi ulijua ni vibaya." Alimnyooshea mkono mume wangu, aliyesimama nyuma na funguo za gari. "Na wewe ukaandika hatimaye. Hatimaye nini? Ulikuwa unangoja mwanangu asahauliwe?"

Mume wangu angeweza kumweleza kwamba alikuwa anangoja mdogo wangu apone, lakini pale uani, kaburi likionekana nyuma ya migomba, udongo wake ukiwa bado haujatulia, maneno hayo mawili, kupona na kusahau, hayakuwa na tofauti.

Mama mkwe ndiye aliyetuokoa. Alituita sisi wanawake jikoni tumsaidie mboga. Ni mwanamke mfupi, wa sauti ya chini, na tangu msiba alikuwa hajaniambia zaidi ya salamu. Tukiwa tumekaa kwenye vigoda, moshi unazunguka, akaniuliza bila kuniangalia:

"Alikuwa anacheka nini?"

Nilidhani ni mtego. Nikasema si kitu, mama, ni mambo ya watoto.

"Nimeiona ile picha. Mtu hachekei hivyo kitu cha bure. Niambie."

Nikamwambia. Niliianza kwa aibu, nikimeza maneno. Nilipofika pale kwenye taulo, nikaona mabega yake yanatikisika. Nilipofika kwenye shikamoo mzee, alitoa sauti kama ya chungu kinachochemka, akajiziba mdomo kwa ncha ya kanga, machozi yakamtoka. Alicheka. Mdogo wangu alimtazama kwa hofu, kisha akashindwa na yeye, akainamisha kichwa magotini. Tulikuwa watatu jikoni mle tunacheka kimyakimya kama wasichana kanisani.

"Mnacheka nini huko?" baba mkwe aliuliza kutoka uani.

"Moshi," mama mkwe alijibu. "Umetupalia."

Kicheko kikamwisha hapohapo. Alijifuta uso, akaangalia mikono yake. "Mnaona?" alisema. "Hata mimi. Na ni mimi niliyemzaa." Halafu akaanza kulia kweli, na mdogo wangu akasogea akamlaza begani. Mimi nikakaa nimeshika mchicha wa watu, sijui niuweke wapi.

Iliamuliwa kwamba mdogo wangu abaki Ushirombo hadi misa ya mwaka. Baba mkwe ndiye aliyesema, lakini mdogo wangu naye hakupinga. Sijui hadi leo kama alitaka kubaki au alikuwa amechoka kuulizwa anataka nini. Nilimwuliza pembeni, karibu na gari.

"Dada, nenda tu," aliniambia. "Mama anahitaji mtu."

"Na wewe?"

"Nenda."

Tulimwacha amesimama na binti yake, lile begi moja dogo miguuni. Nilikuwa nimemchukua Geita akiwa na chumba chake, biashara yake na wateja wake. Nilimwacha kwenye nyumba ya wakwe akisubiri ruhusa. Mume wangu aliendesha mpaka Shinyanga mikono yote miwili ikiwa kwenye usukani.

Misa ya mwaka ilipofika tulikwenda. Mama mkwe alinikumbatia kama ndugu yake. Baba mkwe aliitikia salamu yangu akaniuliza habari za mavuno ya huku kwetu, lakini mume wangu aliponyoosha mkono, aligeuka kumwita mtu alete viti. Mume wangu alibaki na mkono wake hewani, akautumia kujikuna shingo. Alifanya hivyo vizuri sana, na sidhani kama wengi waliona.

Mdogo wangu amerudi Geita. Alipokuwa hayupo, mahali pake karibu na stendi palichukuliwa na mwingine, kwa hiyo sasa anauza mbele kidogo, ambako wateja ni wachache. Amenenepa kidogo, binti yuko darasa la pili. Hatujawahi kulaumiana. Tunaongea kila Jumapili, kuhusu homa, kuhusu mvua, kuhusu mama yetu. Mara moja tu nilijaribu. Nilimwambia, "Nisamehe kwa ile safari." Akasema, "Ipi?" Nikashindwa kujua kama ananisamehe au ananifungia mlango.

Mwaka huu likizo ilipokaribia, binti yangu alikuja na wazo la kwenda kuona maporomoko ya maji mahali fulani, ameyaona kwenye simu. Mwanangu akaunga mkono. Wakaanza kupanga nani atakaa dirishani, na nikasikia mmoja anasema tumchukue na mama mdogo. Mume wangu alinitazama kutoka upande wa pili wa meza, akisubiri mimi niseme.

Nikawaambia gari ni bovu. Mume wangu aliinamia sahani yake, akaendelea kula. Gari halikuwa bovu, lilikuwa limetoka kufanyiwa sevisi wiki ile, na watoto walikuwa wamelisugua wenyewe kwa sabuni hapo nje asubuhi.